Kugawana, Kusambaza na Kushirikiana: Lugha ya Diski Moja kwa Kompyuta Nyingi



1.0 Utangulizi

Ndugu watatu waliorithi shamba moja wana njia zaidi ya moja ya kuishi nalo. Wanaweza kuligawana, kila mmoja akawa na mpaka wake na asiulizwe anachopanda. Wanaweza kushirikiana, shamba likabaki moja, nao wakapatana nani analima lini na mavuno yanahesabiwaje. Na kama walichorithi si shamba bali ni utenzi wa babu yao, wanaweza kuusambaza: kila mmoja akajinakilia nuskha yake na kuondoka nayo, na ya mwenzake isipungue hata herufi moja. Mzungumzaji wa Kiswahili havichanganyi vitenzi hivi. Gawana, shirikiana na sambaza vina maana tatu mbalimbali, na kila kimoja kina haki zake, wajibu wake na ugomvi wake.

Wataalamu wa kompyuta wanaotumia Kiingereza wana neno moja, "share", linalobeba maana zote tatu. Programu zilipoanza kufasiriwa kwa Kiswahili, neno hilo moja lilitafutiwa kisawe kimoja, na mara nyingi kilichochaguliwa ni shiriki. Hivyo mtumiaji hukuta kitufe kinachomwambia "Shiriki" mbele ya faili au picha. Katika Kiswahili sanifu mtu hushiriki katika mkutano, katika mazishi au katika mashindano. Maana yake huingia akawa mmoja wa wahusika. Kushiriki faili ni kauli ambayo sarufi haiipokei kwa urahisi. Na hata ikipokewa, haimwambii mtumiaji kama faili limekatwa, limenakiliwa au limewekwa mahali pamoja kwa ajili ya wote.

Mhadhara huu unahusu namna kompyuta nyingi zinavyotumia hifadhi ya diski moja kupitia mtandao, na lugha inayofaa kulielezea jambo hilo. Hoja yake ni kwamba kuchanganya vitenzi vitatu vilivyotajwa si kosa la ladha tu. Mitambo yenyewe ina njia tatu za kufanya kazi hiyo, na njia hizo zinalingana kwa karibu na vitenzi hivyo. Anayechanganya majina huchanganya njia, na anayechanganya njia hupoteza kazi iliyohifadhiwa.

Ili hoja isielee hewani, ichukuliwe ofisi ya kubuni ya kamusi yenye wahariri sita na kompyuta sita. Vitomeo vyote vimo katika faili kubwa, na faili hilo limo katika diski iliyounganishwa na mtandao wa ofisi. Wahariri hao watarejewa mara kwa mara katika maelezo yanayofuata.

2.0 Diski na Daftari Lake

Diski haijui faili ni nini. Kwa upande wake kuna vipande vidogo vyenye ukubwa sawa, aghalabu baiti 512 au 4,096, na kila kipande kina namba. Diski huelewa amri za namna mbili tu za msingi: soma kipande namba fulani, andika katika kipande namba fulani. Kinachogeuza vipande hivyo kuwa mafaili yenye majina, tarehe na wenyewe ni mfumo wa mafaili, yaani sehemu ya programu endeshi inayotunza daftari. Ndani ya daftari hilo imeandikwa ni vipande vipi vimeshikwa na faili lipi, na ni vipi bado vitupu.

Mfumo wa mafaili unaweza kufananishwa na mtunza ghala. Mtunza ghala mwenye akili haendi kukagua rafu kila anapoulizwa. Hutazama daftari lake. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo. Husoma daftari la diski, huliweka katika kumbukumbu yake ya haraka, na huliamini. Huliamini kwa sababu hapana mwingine anayeweza kuingia ghalani bila ya kupitia kwake. Mifumo mingi ya mafaili imejengwa juu ya imani hiyo.

Sasa na waletwe watunza ghala wawili katika ghala moja, kila mmoja na daftari lake, na wasisemezane. Wa kwanza anaona kipande namba 7,000 ni kitupu, anaandika humo kitomeo kipya. Wa pili, ambaye daftari lake alilisoma asubuhi, naye anaona namba 7,000 ni kitupu, anaandika humo jambo jingine. Hapana king'ora kinacholia. Kazi ya wa kwanza imefutika, na daftari lake bado linadai kwamba ipo. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ubaya wa mafahali hawa ni kwamba hawapigani kwa kelele. Uharibifu hugunduliwa baada ya siku nyingi, pale faili linapofunguliwa na kukutwa lina matumbo ya faili jingine.

3.0 Kugawana

Njia ya kwanza ya kuepuka balaa hilo ni kuweka mipaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 diski zilikuwa ghali, na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliuza kompyuta zisizo na diski kabisa. Kompyuta hizo ziliwashwa na kufanya kazi kwa kutegemea diski ya kompyuta nyingine iliyokuwa upande wa pili wa kebo. Itifaki ya kwanza iliyotumiwa kwa kazi hiyo iliikata diski ya seva katika sehemu. Kila kompyuta ilipewa sehemu yake ya kusoma na kuandika, na palikuwa pia na sehemu za wote ambazo ziliruhusiwa kusomwa tu. Huko ndiko kugawana kwa maana kamili ya kitenzi hicho. Kebo ni moja, diski ni moja, lakini kila mtunza ghala ana chumba chake na ufunguo wake.

Njia hiyo haijafa. Mwezi Aprili 2004 ilichapishwa hati rasmi ya itifaki ya iSCSI, inayosafirisha amri za diski, zile za kusoma na kuandika vipande, ndani ya mtandao wa kawaida wa intaneti. Kompyuta iliyounganishwa kwa njia hiyo huiona diski ya mbali kana kwamba imefungwa ndani ya kasha lake yenyewe. Vituo vikubwa vya data hutumia njia za aina hii kila siku, na huzitumia kwa usalama kwa sababu kila sehemu ina mwenyewe mmoja.

Hatari huja pale mtu anapodhani kwamba, kwa kuwa diski imo mtandaoni, basi imekwisha kuwa ya wote. Fundi wa ofisi ya kamusi akiunganisha kompyuta zote sita na sehemu ile ile ya diski kwa iSCSI, na kila kompyuta ikatumia mfumo wa mafaili wa kawaida, atakuwa ameajiri watunza ghala sita wasiosemezana. Mtandao utakuwa mzima, diski itakuwa nzima, na kamusi itaharibika. Kosa la fundi huyo kwa hakika ni la kimaana kabla ya kuwa la kiufundi: amekitendea kitu cha kugawana kana kwamba ni cha kushirikiana.

Ipo mifumo ya mafaili iliyotengenezwa mahususi ili kompyuta kadhaa ziandike katika sehemu moja ya diski. Mfano ni OCFS2 wa kampuni ya Oracle, ulioingizwa katika Linux mwaka 2006. Lakini mifumo hiyo hufanya kazi kwa sababu kompyuta hizo husemezana muda wote kupitia mtandao na kuombana ruhusa kabla ya kugusa daftari. Zimetoka katika kugawana na kuingia katika kushirikiana.

4.0 Kushirikiana

4.1 Mtunza ghala mmoja

Njia ya pili huacha daftari mikononi mwa mmoja. Kompyuta ya mhariri haiombi kipande namba 7,000, huiambia seva, "Nipe baiti elfu nane za faili la herufi N, kuanzia mahali fulani." Seva hutazama daftari lake na kujibu. Wateja wote hupita mlango mmoja, na mlangoni yupo mtu.

Itifaki iliyoeneza njia hii ni NFS, ambayo Sun Microsystems iliitoa mwaka 1985. Wabunifu wake waliamua kwamba seva isikumbuke chochote kuhusu mteja. Kila ombi lilipaswa kujitosheleza: faili lipi, kuanzia wapi, kiasi gani. Seva ikizimika katikati ya kazi na kuwashwa tena, haihitaji kuuliza ni nani alikuwa wapi. Mteja hurudia ombi lake mpaka ajibiwe. Zaidi ya hayo, katika toleo la pili la itifaki hiyo, seva haikuruhusiwa kujibu kwamba imeandika kabla maandishi hayajafika diskini kwa kweli. Sharti hilo lilipunguza kasi, lakini lilifanya jibu la seva liwe neno la kuaminika.

Upande wa kompyuta ndogo za ofisini ilitawala itifaki ya SMB, iliyoanzia IBM katika miaka ya 1980 na kuendelezwa na Microsoft. Mwaka 1992 Andrew Tridgell wa Australia alitoa programu iliyokuja kuitwa Samba, inayowezesha kompyuta za Unix kuhudumia wateja wa itifaki hiyo. Habari yake inawahusu wanaisimu moja kwa moja. Tridgell hakuwa na maelezo kamili ya itifaki. Alijifunza kwa kutazama maombi na majibu yaliyopita katika waya. Mwenyewe aliieleza mbinu hiyo kwa mfano wa mtu anayeketi katika mkahawa wa Kifaransa akisikiliza jinsi wateja wanavyoagiza na wahudumu wanavyojibu, mpaka naye aweze kuagiza. Mtafiti yeyote aliyewahi kurekodi lahaja isiyo na sarufi iliyoandikwa anaijua kazi hiyo.

4.2 Kufuli

Mlango mmoja hauondoi ugomvi wote. Wahariri wawili wamefungua faili moja saa tatu asubuhi. Wa kwanza amesahihisha kitomeo cha "ng'ambo" na kuhifadhi saa nne. Wa pili, ambaye mbele yake bado kuna faili la saa tatu, amesahihisha "ngano" na kuhifadhi saa tano. Daftari la seva halina dosari yoyote. Faili zima, diski nzima. Lakini faili lililohifadhiwa saa tano limelifunika lile la saa nne, na masahihisho ya "ng'ambo" yamepotea.

Dawa yake ni kufuli. Anayetaka kuandika huomba kufuli, wenzake hungoja au huruhusiwa kusoma tu. Hapo huzuka swali ambalo kila aliyewahi kumiliki kitu na wenziwe amelikabili: itakuwaje aliyeshika ufunguo akitoweka? Kompyuta yake imezimika kwa kukatika umeme, na kufuli bado limeandikwa jina lake. Toleo la nne la NFS, lililotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2003, lilijibu kwa kufanya kufuli kuwa la muda. Mteja lazima aonyeshe kwamba yu hai kabla muda haujaisha, na katika Linux muda huo kwa kawaida ni sekunde 90. Asipoonyesha, seva inaweza kumpa mwingine kufuli hilo. Ili kuweza kufanya hivyo, toleo hilo liliacha ule msimamo wa zamani wa seva isiyokumbuka kitu. Kufuli ni ahadi, na asiyekumbuka hawezi kutunza ahadi.

4.3 Akiba inayooza

Jambo la tatu ni umbali. Toleo la pili la NFS liliruhusu baiti 8,192 tu kwa ombi moja, hivyo faili la megabaiti moja lilihitaji maombi 128. Ndani ya jengo moja, ambamo jibu hurudi kwa chini ya milisekunde moja, hayo ni kupepesa jicho. Lakini Afrika Mashariki, kabla ya mkongo wa SEACOM kufika mwaka 2009, ilitegemea setilaiti kwa sehemu kubwa ya mawasiliano yake ya intaneti na dunia. Setilaiti hizo hukaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, na hata kwa mwendo wa mwanga safari hizo nne huchukua karibu nusu sekunde. Maombi 128 yakipelekwa moja baada ya jingine yangekula zaidi ya dakika moja, kwa faili moja dogo, hata kama setilaiti hiyo ingekuwa na nafasi tele. Upana wa barabara haufupishi safari.

Kwa hiyo mteja hujiwekea akiba karibu naye. Mradi wa Andrew wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na IBM, ulimfanya mteja achukue faili zima na kuliweka katika diski yake, huku seva ikimwahidi kumpasha habari faili hilo likibadilika. Bila ya ahadi ya namna hiyo, au desturi ya kuuliza mara kwa mara, mhariri husoma habari za jana akidhani ni za leo. Methali husema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, na sehemu kubwa ya ufundi wa kushirikiana diski ni kujua imeoza lini.

5.0 Kusambaza

Njia ya tatu hukubali tangu mwanzo kwamba nakala zitakuwa nyingi. Mwaka 2003 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya mfumo wao wa mafaili, uliokata kila faili katika vipande vya megabaiti 64 na kuweka kila kipande katika seva tatu kwa kawaida. Lengo lilikuwa kwamba diski moja ikifa, na katika maelfu ya diski hufa kila mara, kazi isisimame. Kwa watu binafsi, huduma kama Dropbox, iliyofunguliwa mwaka 2008, huweka nakala ya faili katika kila kompyuta ya mhusika na kuzilinganisha kupitia mtandao.

Uzuri wa kusambaza ni kwamba kila mmoja anaweza kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Ubaya wake wataalamu wa Kiswahili waliujua kabla kompyuta hazijabuniwa. Tenzi za pwani zilisambazwa kwa mkono, kutoka nuskha hadi nuskha, kwa hati ya Kiarabu. Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir umetufikia katika nuskha zisizolingana katika maneno na mpangilio wa beti, na wahariri wake, akiwamo William Hichens aliyetoa chapa yake mwaka 1939, walilazimika kuamua lipi ni la mshairi na lipi ni la mnakili. Hilo ndilo tatizo lile lile ambalo Dropbox hulikabili watu wawili wanapobadilisha faili moja wakiwa hawajaunganishwa. Programu haina ujuzi wa mhakiki. Huhifadhi zote mbili, moja ikiwa na jina linaloonyesha kwamba ni nakala iliyogongana, na humwachia binadamu uamuzi.

Ipo hali moja ambayo kusambaza na kushirikiana havigombani, nayo ni pale kinachotumiwa ni cha kusomwa tu. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoasisiwa na Profesa Arvi Hurskainen na ambayo toleo lake la pili la mwaka 2016 lina maneno yapatayo milioni 25, inahifadhiwa nchini Finland na kutafutwa humo kwa njia ya mtandao na watafiti wa nchi nyingi. Hata wakiwa mia kwa wakati mmoja hawakanyagani, kwa sababu hapana hata mmoja wao anayeandika ndani yake. Kusoma hakugombanishi, kuandika ndiko kunakogombanisha. Ofisi ya kamusi haina bahati hiyo, maana kazi yake yote ni kuandika.

6.0 Kebo Inapokatika

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na katika nchi jirani. Mikongo huungwa tena. Lakini wakati kebo imekatika, hifadhi iliyo pande mbili za mkato hukabiliwa na uchaguzi usioepukika.

Ichukuliwe kwamba ofisi ya kamusi imefungua tawi ng'ambo ya bahari, na kila upande una seva yenye nakala ya vitomeo. Mawasiliano yamekatika. Mhariri wa tawi anataka kuandika. Seva yake ikikubali, pande mbili zinaweza kuandika mambo yanayopingana. Ikikataa, tawi zima linakaa bila ya kazi ingawa seva na diski ni nzima. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa dai kwamba mtandao ukigawanyika, mfumo hauwezi kuhakikisha ulinganifu wa nakala na kujibu kila ombi kwa pamoja. Mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch walilithibitisha dai hilo kihisabati. Hapana pesa wala kebo ya kulikwepa. Kinachobaki ni kuamua mapema.

Uamuzi unaotumika sana una jina ambalo kila mjumbe wa kamati analijua: akidi. Seva zikiwa tatu, mbili zinazosikilizana zinaweza kuamua. Moja iliyobaki peke yake hunyamaza. Zikiwa tano, zinatakiwa tatu. Kwa kuwa hapawezi kuwa na pande mbili zenye wingi kwa wakati mmoja, hapawezi kuwa na maamuzi mawili yanayopingana. Ndiyo maana idadi isiyogawanyika kwa mbili hupendelewa: seva nne zikigawanyika mbili kwa mbili, hapana upande wenye akidi, na wote hunyamaza. Seva inayonyamaza kwa kukosa akidi haijaharibika. Inafanya kile ambacho mwenyekiti mwaminifu hufanya anapoahirisha mkutano.

7.0 Istilahi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye sura ya Kiswahili. Kazi hiyo, na zile za kampuni kubwa zilizofuata, zilionyesha kwamba lugha inaweza kubeba kompyuta. Mjadala uliovuma zaidi ulikuwa wa majina ya vitu: kompyuta au tarakilishi, folda au kabrasha. Vitenzi havikupata mjadala kama huo, ilhali mtumiaji anapobonyeza kitufe, kitenzi ndicho kinachomwambia nini kitatokea kwa kazi yake.

Maelezo yaliyotangulia yanaonyesha kwamba lugha ina akiba ya kutosha. Neno itifaki lilikuwa na maana ya mapatano kabla halijachukuliwa na wanadiplomasia na wahandisi. Lina shina moja la Kiarabu na afiki na muafaka, neno ambalo Wazanzibari waliyaita makubaliano yao ya kisiasa ya mwaka 1999 na 2001. Istilahi hiyo inasema ukweli: kinachoziwezesha kompyuta mbili kutumia diski moja ni mapatano, na waya ni njia yake tu. Akidi, kufuli na akiba nazo zinajieleza. Mteja ni neno zuri pia, na watumiaji wa simu nchini Kenya wamelipa maana ya ziada. Kwa kuwa mashine hutangaza kwamba mteja hapatikani, simu iliyozimwa husemwa iko mteja. Mteja asiyepatikana huku kufuli likiwa mikononi mwake ndilo tatizo lile lililoelezwa katika sehemu ya 4.2.

Kuhusu kitenzi chenyewe, pendekezo ni kwamba kisawe kimoja kiachwe. Pale programu inapotenga sehemu ya diski kwa ajili ya kompyuta moja, kitufe kiseme "Tenga sehemu". Pale inapopeleka nakala, kiseme "Tuma nakala", na mtumiaji ajue kwamba yale atakayobadilisha baadaye hayatamfikia aliyetumiwa. Pale faili linapobaki moja na wengine wanafunguliwa mlango, kiseme "Karibisha wengine". Anayekaribisha anajua kwamba nyumba bado ni yake na kwamba wageni wanaweza kugusa vyombo. Kwa hiyo atauliza, kama inavyostahili, ni nani wa kusoma tu na ni nani wa kuandika.

Yamkini itasemwa kwamba mfasiri hana uhuru huo, kwa kuwa programu ya asili ina neno moja mahali pote. Pingamizi hilo lina uzito katika karakana ya ufasiri, ambamo orodha ya maneno hufika bila ya muktadha. Hata hivyo, kasoro ya orodha si kasoro ya lugha. Mfasiri anayeuliza "neno hili liko katika kitufe gani, na kikibonyezwa hutokea nini?" anauliza swali ambalo fundi wa ofisi ya kamusi alipaswa kuuliza kabla ya kuunganisha kompyuta sita na sehemu moja ya diski.

8.0 Hitimisho

Diski moja kwa kompyuta nyingi ni jambo la zamani lililovaa nguo mpya. Ni suala la mali ya pamoja: nani ana haki ya kuandika, nani angoje, nani ashike daftari, na ifanyweje mmoja anapopotea njiani. Kugawana hujibu kwa mpaka. Kusambaza hujibu kwa nakala, na huwaachia wahakiki kazi ya kupatanisha. Kushirikiana hujibu kwa mapatano, na ndiyo njia ngumu kuliko zote, kwa kuwa mapatano yanapaswa kudumu hata wahusika wasiposikiana.

Jamii iliyo na vitenzi vitatu kwa mambo matatu haina sababu ya kuazima ufinyu wa lugha nyingine. Kazi iliyobaki ni ya wanaistilahi na wahandisi kuketi meza moja, kila upande ukiwa na daftari lake wazi mbele ya mwenzake, ili mhariri wa "ng'ambo" na mhariri wa "ngano" waende nyumbani jioni wakijua kwamba kazi zao zote mbili zimo.